Rangi Isiyopita Motoni

Bigwa, Morogoro
6 Machi 1994

Wifi yangu Margareth,

Salamu utazikuta mwishoni, nikishapoa.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana tatizo. Hoteli inataka mitungi mia na ishirini, yote urefu mmoja, tumbo moja, shingo moja, na kila mmoja uwe na mchoro wa swala aliyeinua mguu. Nawe ukawajibu ndiyo. Hukuniuliza. Umejibu kama mtu anayeuza mayai.

Wewe ulipoolewa na mdogo wangu nilikuwa bado kiwandani, lakini ile kazi unaijua kwa kuisikia tu. Nilikaa pale miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kikombe. Sisemi vikombe, nasema kikombe. Unamimina udongo wa majimaji kwenye kalibu, unasubiri, unafungua, unatoa kikombe, unamimina tena. Kilichopishana na wenzake kidogo tu kilitupwa. Nilikuwa nikifumba macho kitandani nakiona. Siku kiwanda kilipofungwa wenzangu walilia, na mimi nikalia nao ili nisionekane mbaya, lakini moyoni nilijisikia kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Kiinua mgongo changu nilikijengea karakana hii na tanuri, hapa chini ya mlima, nikaapa kwamba sitafanya chombo kimoja mara mbili.

Unauliza kwa nini nachelewa. Udongo nautoa kwenye bonde la nyuma ya Mkuyuni, alikochimba marehemu mama. Nauloweka, nauchuja, nauacha shimoni mpaka unuke. Ukinuka ndiyo umeiva. Nikikaa kwenye gurudumu siwi nimeamua chochote, kwa sababu nikiamua kabla unatoka mtungi niliouwaza kichwani, na mtungi wa kichwani huwa na kiburi. Nazungusha kwa mguu, napandisha kwa mikono, unafika mahali udongo unalegea, na hapo ndipo tunaanza kubishana. Mimi nataka bega, wenyewe unataka shingo. Mtungi mzuri ni ule ambao hakuna aliyeshinda.

Mzigo wa mwezi uliopita nimeuvunja wote. Glezi, yaani ile rangi inayogeuka kioo ndani ya moto, naipika kwa majivu ya pumba za mpunga, na safari hii ilitoka nyeupe, laini, inang'aa kama ndoo ya plastiki. Haikuwa na kosa hata moja. Ndilo lililoniudhi.

Waambie watu wa hoteli wakanunue swala.

Na mumeo Mikaeli mbona haandiki? Tangu Krismasi sijapata hata mstari. Mwambie cheo kisimpandishe pua. Nilimbeba mgongoni huyo.

Salamu kwako na kwa binti yenu Angelina.

Wifi yako,
Veronika


Magomeni, Dar es Salaam
19 Machi 1994

Shikamoo wifi,

Mimi salamu nazitanguliza, kwa sababu nikiziacha mwishoni sitazifikia.

Umevunja mzigo mzima kwa sababu haukuwa na kosa. Sentensi hiyo niliisoma kwa sauti dukani, na mteja aliyekuwepo akaniuliza kama una mume.

Wifi, njoo usimame dukani kwangu siku moja tu. Nje ya mlango wachuuzi wamepanga mabeseni ya Dubai, mekundu, ya bluu, makubwa ya kuogea mtoto na madogo ya kuoshea mchele. Tangu biashara ya nje ifunguliwe kila kitu kinaingia, na kila kinachoingia ni rahisi kuliko cha kwetu. Mteja anapita katikati ya mabeseni hayo, anafika kwenye mtungi wako, anauinamia, kisha ananiuliza kwa nini mdomo umelala upande. Nimjibu nini? Kwamba ulibishana na mfinyanzi?

Hoteli wamekwenda kwingine. Nilitumia mwezi mzima kumpata yule meneja, nikavaa viatu vya kuazima, na wewe umemaliza kazi kwa mstari mmoja.

Nitumie ulicho nacho. Ila usivunje tena. Chombo kikikuudhi kilete huku, niudhike nacho mwenyewe.

Mikaeli hajambo. Yuko safarini kikazi, siku hizi shirika lao linawatuma sana mikoani. Akirudi nitamwambia aandike.

Margareth


Bigwa
2 Mei 1994

Wifi Margareth,

Nimempa kondakta maboksi manne. Mitungi, mabakuli na magudulia mawili. Usitafute pacha humo, hakuna.

Mtungi wenye mdomo uliolala upande usiugeuzie ukutani. Nakujua. Ulilala wenyewe siku ya mvua kubwa, udongo ulikuwa mbichi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa naunyoosha nikaona unakuwa kama mtoto aliyepigwa, nikauacha. Bakuli la kijani liweke chini kidogo, watu waone ndani, maana nje yake halina la kusema. Na maua ya plastiki yasiingie kwenye chombo changu chochote, tafadhali. Nikisikia umeweka, nakuja kwa basi.

Mikaeli hajaandika. Shirika gani hilo linalosafirisha mtu miezi minne bila kumpa kalamu?

Veronika


Magomeni
28 Mei 1994

Shikamoo wifi,

Vimekwisha vyote. Hata ule wa mdomo upande. Nitumie vingine upesi.

Vinavyopendwa zaidi ni vyenye tumbo pana na rangi nyepesi. Usivikwaruzekwaruze ubavuni kama ulivyofanya vile viwili, wateja wanapenda laini. Ni ushauri tu, usikasirike.

Kodi ya fremu ya duka nimelipa. Mungu akubariki.

Margareth


Bigwa
3 Julai 1994

Wifi yangu mpenzi,

Leo sina ugomvi na mtu. Mawingu yamekaa kwenye kilele cha Lupanga tangu asubuhi, udongo unakauka taratibu bila kupasuka, na mimi nimekuwa naimba, jambo ambalo jirani amelilalamikia.

Hujui ulichonifanyia. Miaka mitatu nimefinyanga hapa nikiambiwa na kila mtu kwamba watu hawataki vyombo vya namna hii, wanataka vinavyofanana na vya dukani. Nilianza kuamini. Nilikuwa nikikaa kwenye gurudumu nasikia sauti zao kabla ya kuusikia udongo. Sasa wewe unaniambia wamenunua hata ule uliolala. Kuna mtu Dar es Salaam, simjui, amekaa mezani kwake na kitu kilichotoka mikononi mwangu siku ya mvua, na anakipenda kama kilivyo. Wifi, hilo linatosha kumwamsha mtu alfajiri.

Nimekutumia maboksi sita. Tumbo pana na rangi nyepesi, kama ulivyosema. Sikukasirika. Niliketi nikajiuliza kwa nini tumbo pana, nikaona kweli, linapokea mwanga vizuri. Mteja naye anaweza kumfundisha mfinyanzi, siku moja moja.

Mwambie Mikaeli nimemsamehe kimya chake.

Wifi yako,
Veronika


Bigwa
14 Agosti 1994

Margareth,

Jana alikuja mwalimu wa chuo kutoka Mazimbu, anaitwa Mama Jesca, mtu mpole, alikuwa anatafuta bakuli. Akaangalia rafu, kisha akasema mkono wangu unafanana na wa mtu aliyefinyanga mtungi alioununua Dar es Salaam. Akauleta kutoka kwenye gari, umefungwa gazeti. Niliujua kwa bega lake kabla gazeti halijafunguliwa nusu. Ni katika ile ya Julai, niliyoifinyanga naimba.

Una twiga.

Twiga, Margareth. Amepakwa kwa rangi ya mafuta, ile ya madirisha, njano na kahawia, na nyuma yake jua linazama kama embe lililooza. Shingo ni bomba la maji. Magoti ni ya mtu anayeomba radhi, na kweli alikuwa na sababu ya kuomba. Nilimkwaruza kwa ukucha, akatoka. Mama Jesca akashtuka, akaniuliza kama nimemharibia. Nikamwambia hapana, mtungi ulikuwa umeharibiwa tayari.

Sasa nimeelewa tumbo pana. Nimeelewa rangi nyepesi, na kwa nini nisikwaruze ubavuni. Nilikuwa nakutengenezea ukuta wa kupaka.

Nikueleze jambo moja ambalo sijawahi kulieleza vizuri. Chombo kinaingia motoni na kila kilicho nacho: alama ya kidole changu, majivu niliyokimwagia, kosa langu, bahati yangu. Moto unavichukua vyote na kuamua. Kikitoka, vile vilivyobaki ni vyake, huwezi kuvikwaruza kwa ukucha. Rangi isiyopita motoni haikuhatarisha kitu. Imekuja baada ya vita kuvaa sare.

Vyombo kutoka kwangu usitegemee tena. Na huyo unayemtumia kupaka, mwambie hivi kutoka kwangu: mtu asiye na kazi asije akafanya mazoezi juu ya kazi ya mwenzake.

Veronika


Magomeni
23 Agosti 1994

Wifi,

Huyo mtu asiye na kazi ni mdogo wako Mikaeli.

Shirika liliwapunguza Januari, mamia kwa siku moja. Hakuwa na safari yoyote ya mikoani. Alikuwa hapa sebuleni, anatazama mlango. Alinikataza kukuambia, na nilimtii kwa sababu ya neno alilolisema. Alisema dada alinisomesha kwa vikombe, sasa nikamwambie kwamba alichokisomesha nacho kimetupwa?

Miezi mitatu alikuwa anavaa shati la pasi asubuhi na kulivua jioni. Hakuwa anakula. Angelina akimwuliza hesabu za shule anasema muulize mama yako. Maboksi yako ya Mei yalipofika, mtungi mmoja ulikuwa umekwanguka ubavuni njiani. Nikauweka pembeni nikisema huu siwezi kumwuzia mtu. Niliporudi jioni nikakuta ameufunika mkwaruzo kwa twiga, aliyemchora kwa rangi iliyobaki tulipopaka madirisha. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikaupeleka dukani kama mzaha, ukanunuliwa kabla ya vyombo vingine vyote. Nilipomwambia umeuzwa, alikula. Wifi, alikula akaomba kuongezwa.

Ulitaka nifanye nini? Nimnyang'anye brashi kwa sababu ya falsafa?

Ndiyo, nilikudanganya, na nilikuambia tumbo pana. Kwa ajili ya kumwona anaamka na jambo la kufanya ningekuambia hata uifinyange mitungi mraba. Wewe unazungumza habari ya moto. Mimi nimeishi na mtu aliyekuwa anazimika.

Barua yako aliichukua yeye posta. Ameisoma kabla yangu. Ameondoka jana asubuhi na begi dogo, hakusema anakokwenda. Kama yuko kwako, usimwambie habari ya udongo. Mpe chakula.

Margareth


Bigwa, Morogoro
11 Septemba 1994

Mama Angelina,

Niko kwa dada, mzima wa afya. Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga. Nilijua ukiniuliza ninakwenda kufanya nini huko sitakuwa na jibu, na mpaka leo sinalo kamili.

Nilimkuta anakanyaga udongo, sketi ameifunga magotini. Barua yako ilikuwa haijafika. Akaniona na viatu vya ofisini akaanza kunisema: hatimaye umekumbuka kwamba una dada, shirika limekupa ruhusa, na viatu hivyo unakuja navyo kwenye tope. Nilimwacha mpaka alipopumua.

Nikamwambia, "Dada, mimi ndiye twiga."

Aliendelea kukanyaga. Nilidhani hakusikia. Alikanyaga mpaka nikawa natazama kando kwa aibu, kisha akasema, "Vua viatu." Nikavua, nikaingia. Tulikanyaga pamoja mpaka jua likageuka. Baadaye alinipikia ugali na mlenda kama tulivyokuwa tukila kwa mama, akanitazama nikila kila tonge kana kwamba nitaiba sahani.

Usidhani hapa ni peponi. Dada yangu hafai kuishi naye. Nilimpangia rafu, vikubwa nyuma vidogo mbele, kama mtu yeyote mwenye akili. Asubuhi nikakuta amevirudisha ovyo, anasema vilikuwa vinazungumza, nami nimevikatiza. Hana daftari la mapishi ya glezi. Anaonja majivu kwa ulimi. Nilimwuliza kipimo, akasema mpaka yawe kama maziwa ya mbuzi aliyechoka. Nimefanya kazi ya stoo miaka kumi, Mama Angelina. Nilitaka kulia.

Kuhusu michoro. Mwanzo wa juma aliniwekea bakuli la udongo mwekundu uliokorogwa, brashi ya manyoya ya mbuzi, na gudulia bichi ambalo halijachomwa. Akasema chora sasa, kabla ya moto, na ukipotea, wewe na chombo mmepotea wote. Nikachora twiga. Akaja, akamfuta kwa kitambaa.

Akaniuliza, "Huyu ulimwona wapi?"

Nikasema nimewaona Mikumi, nikiwa ndani ya basi. Akauliza kama huyu ndiye niliyemwona kule. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba niliwatoa wote kwenye kalenda iliyokuwa ukutani ofisini. Akasema chora ulichokiona mwenyewe. Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi sikuona kitu maishani, nimeona ofisi tu. Akasema, "Basi hiyo hiyo," akaenda zake kuchota maji.

Nimekaa na neno hilo siku kadhaa. Anafinyanga mtungi mkubwa sasa, ameniambia nisubiri. Usije kunichukua mpaka tanuri lichomwe. Mwambie Angelina anitumie hesabu zake, nitazifanya.

Mumeo,
Mikaeli


Bigwa, Morogoro
30 Oktoba 1994

Wifi yangu Margareth,

Barua yako ya Agosti nimekuwa nayo mfukoni mwa aproni mpaka imekuwa rangi ya udongo. Nimeanza kuijibu mara nyingi nikaishia kuwashia moto. Kwa hiyo nitasema kwa kifupi kwamba neno lile la mtu asiye na kazi nalijutia, na ulichomfanyia mdogo wangu nakushukuru, na twiga bado ni mbaya. Yote matatu ni kweli.

Sasa nikuambie mambo ya mumeo, ambaye ni mzigo. Anapanga. Anafagia karakana mpaka vumbi linaingia kwenye glezi. Anaviandika vyombo namba chini. Nimemfukuza mara mbili, akaenda mpaka kituo cha mabasi akarudi na mkate.

Lakini kuna mtungi.

Niliufinyanga vipande vitatu kwa sababu mkono wangu haufiki chini ya chombo kirefu hivyo. Unafanya tako, unasubiri lishike, unaongeza tumbo, kisha bega, unaunganisha kabla ya kukauka. Ulipokuwa mgumu kama jibini nilimwachia. Nikajizuia kuchungulia, jambo lililoniumiza mgongo.

Amechora watu. Tumbo lote limezungukwa na watu wanaotoka kazini kwao siku ile walipopunguzwa. Wote wanatembea upande mmoja. Kuna aliyebeba feni ya mezani, kuna mwenye mwavuli na jua linawaka, kuna mwanamke ameshika viatu mkononi, kuna wawili wanaochekeana kana kwamba ni siku ya kawaida, na mmoja ameangalia nyuma. Hakuna anayefanana na mwenzake hata kwa mwendo. Na kwa kuwa mtungi ni mviringo, hawafiki. Unauzunguka unawatafuta wa mwanzo na hupati.

Niliuliza kama yeye yumo. Akasema yumo, lakini hakunionyesha.

Niliupaka glezi nyembamba kuliko nilivyowahi kupaka, nikaogopa majivu yatawafunika. Tukachoma kwa magogo ya mwembe. Yeye alitaka kuandika joto la kila saa, nikamwambia tazama rangi ya moto ndani ya tundu, ikiwa kama pilipili mbivu bado, ikiwa kama ua la boga tumefika. Akatazama. Tulipofungua, watu walikuwa wamebaki, wekundu wa damu ndani ya kijani hafifu, kama watu wanaotembea kwenye ukungu wa huku kwetu. Na kulikuwa na ufa, kutoka mdomoni mpaka begani. Kiungo changu. Nilikiunganisha kikiwa kimekauka kidogo kupita kiasi.

Chombo chenye ufa kwangu hakikai. Unajua. Nilichukua nyundo, wala sikuwa na hasira, ni mkono tu ulikwenda ulipozoea kwenda. Mikaeli akasimama mbele ya mtungi. Hakunyanyua sauti.

"Dada," akasema, "hawa wameshatupwa mara moja."

Wifi, niliketi chini pale pale kwenye majivu. Miaka yote hii nimejisifu kwamba nimetoka kiwandani. Kumbe nimetoka na nyundo yao. Wao walivunja kilichopishana na wenzake, mimi navunja kilichopishana na ninavyojitakia, na sote wawili tunajiita wenye macho.

Usidhani nimeupenda ule ufa. Siupendi, ni uzembe wangu, kila nikipita unanitazama. Lakini sikuuvunja.

Anarudi kwako wiki ijayo na mtungi huo kwenye kiti cha pembeni yake. Amelipa nauli ya watu wawili, nimemwambia ana wazimu. Vyombo vingine viko kwenye maboksi. Hakuna tumbo pana hata moja.

Wifi yako,
Veronika


Magomeni, Dar es Salaam
4 Desemba 1994

Shikamoo wifi,

Umenirudishia mume na balaa kwa pamoja.

Mume anakula, analala, anagombana na Angelina juu ya hesabu za sehemu kama baba wa kawaida. Mitungi iliyokuwa imebaki dukani na twiga wake ameisugua yote kwa majani ya msasa, mmoja baada ya mwingine, na walipokuja wateja wa twiga, maana walikuja, aliwaambia twiga wamehama. Nilitaka kumpiga. Tumekosa wateja wale. Wengine wamekuja taratibu. Mama Jesca alileta wenzake wawili, wakanunua mabakuli ya ubavu uliokwaruzwa, yale ambayo mimi nilikukataza. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Balaa ni mtungi. Mikaeli ameuweka dirishani na sharti kwamba hauuzwi. Wiki nzima ulikaa pale unanichukulia nafasi. Halafu siku moja akasimama mtu nje, katikati ya mabeseni, akiwa na bahasha ya kutafutia kazi kwapani. Akasimama sana. Akaingia, hakunisalimu, akaweka kidole juu ya yule mwenye feni. Akasema feni ilikuwa yake, aliinunua kwa fedha yake mwenyewe, na mlinzi alimzuia nayo mbele ya watu kana kwamba ni mwizi. Nilimpa kiti. Alikaa, akanywa maji, akaenda.

Kesho yake alikuja na wenzake wanne.

Wifi, hawaishi kuja. Wanauzunguka ule mtungi kama watu wanaoaga maiti, kisha wanaanza kucheka. Alikuja yule mwanamke wa viatu, anaitwa Regina, alikuwa mpiga chapa. Alieleza kwamba kisigino kilikatika mlangoni na kwa siku ile hilo ndilo lililomliza, wala si kazi. Hawanunui kitu. Wanaziba mlango. Mikaeli anawachemshia chai kwa sukari yangu. Nikilalamika ananitazama, na mimi naenda kuongeza kikombe.

Hata ufa wako wameutafutia maana. Mmoja anasema ni barabara. Nimewaambia ni mfinyanzi alichelewa kuunganisha, hawataki kusikia.

Sasa tuna Bonifasi. Huyu kazini alikuwa chumba cha pili na Mikaeli, mtu wa taratibu, bado anafunga tai. Aliuzunguka mtungi, akauzunguka tena, akainama akajitafuta mpaka chini karibu na tako. Akasema, "Mimi niliondoka siku ile ile."

Mikaeli akamjibu kwamba nafasi ilikwisha, mtungi ulijaa. Bonifasi akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda. Tangu siku hiyo anakuja kila Jumamosi kuuliza kama kuna mtungi mwingine. Anauliza kwa adabu, kofia mkononi. Nimechoka naye. Nimechoka kumwambia bado.

Kwa hiyo Mikaeli anapanda basi Alhamisi, mpokee, na safari hii usimfukuze kwa kufagia. Jana alichukua kalamu na kipande cha karatasi ya sukari, akamketisha Bonifasi akamwuliza siku ile alitoka na nini. Nilikuwa najifanya nahesabu vyombo. Bonifasi alifikiri sana. Akasema hakutoka na kitu. Alisema mikono ilikuwa mitupu, na njia nzima mpaka nyumbani hakujua aiweke wapi.

Mchoreni hivyo.

Wifi yako,
Margareth